Sare Arobaini Zisizo na Utepe

Kitambaa cheupe kikikaa kimekunjwa muda mrefu hugeuka rangi kwenye mkunjo. Hakigeuki chote. Ni pale tu kilipokunjwa, mstari mwembamba wa manjano, kama mtu aliyepitisha ncha ya kidole chenye chai. Nililijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani, lakini dukani kwangu sikuwahi kuliona likitokea, maana nguo zangu hazikai. Mtu analeta kitambaa Jumatatu, Ijumaa anavaa. Zilizokaa ni zile sare arobaini za wauguzi.

Metroni wa chuo cha uuguzi ndiye aliyezileta, akiwa na majora ya kitambaa kwenye buti la gari na karatasi ya majina arobaini. Vijana wote wamemaliza miaka mitatu na wamefaulu, akasema, na usoni alikuwa kama mtu aliyewazaa yeye. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea tangu ana meno mawili. Tunaitana mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, na kwetu utani huo umenata kiasi kwamba nikiulizwa jina lake mahali penye fomu inabidi kwanza nifikiri.

Metroni alinipa pia bunda la utepe wa buluu, na sharti lake. Sare ya mwanafunzi haina kitu mabegani. Sare ya muuguzi aliyesajiliwa ina utepe mmoja kila bega, upana wa kidole. Nisishone hata mmoja mpaka nione barua ya baraza la wauguzi yenye namba ya kila mtu. Lakini barua hizo ziko njiani, akasema, muswada unasomwa bungeni Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia leo, na mwezi ujao watoto watakuwa wodini.

Nilimwuliza muswada unaingiaje kwenye mabega ya watoto. Akanieleza taratibu, kwa sababu alishaeleza wengi. Baraza linalosajili wauguzi lilikuwa limekufa. Sheria yake ya zamani iliandikwa na tarehe ya mwisho, na tarehe ikapita waheshimiwa wakiwa bado wanabishana juu ya sheria mpya. Hakuna baraza, hakuna namba. Hakuna namba, hakuna leseni. Na asiye na leseni akimgusa mgonjwa, hata kwa wema, ni kosa.

Sasa niseme kosa langu mimi. Kila nguo ninayoshona huiachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni. Mwenye nguo haoni, lakini siku akinenepa ananijia na mimi nafumua, naachia, anaondoka ameridhika. Ni desturi yangu ya miaka arobaini. Kwa sare zile sikuacha. Kitambaa kilikuwa kinatosha kwa shida, Metroni alikuwa na haraka, na mimi nikajiambia nguo itakayovaliwa mwezi ujao haina haja ya akiba. Nilikata kwenye mstari wa chaki. Niliiamini Alhamisi.

Redio yangu hukaa juu ya kabati la vifungo. Siku za bunge huiwasha kama wengine wanavyowashia mpira. Alhamisi ile nilikuwa napiga pasi sare ya arobaini. Spika akasimamisha shughuli ili wajumbe wahesabiwe, kengele ikalia mpaka nikaona huruma kwa aliyekuwa anaipiga, akidi haikutimia, kikao kikaahirishwa. Upande mmoja ulikuwa umetoka nje wote kwa pamoja. Nikazikunja sare, nikaziweka kwenye rafu ya juu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mwembamba. Vifungu vyote vya muswada walikuwa wamekubaliana, isipokuwa kimoja: nani amchague mwenyekiti wa baraza. Upande wa serikali ulitaka awe waziri. Upande wa pili ulitaka wauguzi wenyewe wapige kura. Basi. Kwa hicho kimoja vingine vyote vikasimama. Mwezi huu hawa wanasusa, mwezi ujao wale wanauondoa muswada kwenye ratiba, mwezi unaofuata ni likizo. Mwaka ukaisha. Ukaanza mwingine.

Vijana wakawa wanakuja dukani mmoja mmoja. Mmoja alikuja akiwa mjamzito wa miezi mitano, akaomba nimwachie kidogo ubavuni ili siku ikifika asiaibike. Niliigeuza sare yake ndani nje nikamwonyesha mshono: hakuna cha kuachia. Alicheka, akasema basi waheshimiwa wasubiri kwanza ajifungue. Mwingine, kijana mrefu mwenye mikono laini, alikuja kuniambia sare yake nimpe mtu mwingine, yeye ameanza kuendesha lori la kokoto. Nilimwambia itamngoja. Akasema, bibi, mimi ndiye sitaingoja.

Mke mwenzangu alipata kazi hospitalini, ya mashuka. Anayatoa machafu, anayapeleka kufuliwa, anatandika safi. Wodi aliyopangiwa ilikuwa na vitanda ishirini, na sita kati ya hivyo vilisukumwa ukutani magodoro yamekunjwa, kwa sababu hapakuwa na wauguzi wa kutosha kuvihudumia. Yeye, muuguzi aliyesomea, anapita katikati ya vitanda hivyo na mashuka kifuani. Siku moja aliingia akamkuta mama aliyejifungua asubuhi anavuja damu, na shuka chini yake limeshalowa. Muuguzi wa zamu alikuwa wodi ya pili. Mjukuu wangu alikimbia kumwita. Mama yule alipona, Mungu ni mwema. Lakini jioni ile mtoto alikuja dukani moja kwa moja, akakaa kwenye meza ya vifungo, akaanza kuvichambua kwa ukubwa bila kuambiwa. Alichambua bakuli zima.

"Mke mwenzangu," akasema mwishowe, "nilijua cha kufanya. Mikono ilikuwa inajua. Ila nilikimbia."

 Nilimsogezea bakuli la pili.

Katika wateja wangu wawili walikuwa wabunge, kila mmoja upande wake. Mimi wateja wangu huwaita kwa vile ninavyowakata. Wa upande wa serikali namwita Bega, kwa kuwa bega lake la kushoto limeshuka, na kila koti lake lazima niliwekee pamba upande huo ili kwenye televisheni aonekane amenyooka. Wa upande wa pili ni mama wa makamo, namwita Kola, kwa sababu kila gauni lake hutaka kola iliyosimama mpaka chini ya sikio. Wote wawili ni watu wazuri. Nasema hivyo nikiwa nimewapima, na mtu akiwa anapimwa hana pa kujificha.

Kila mmoja kwa wakati wake nilimwuliza habari za sare zangu. Bega alinionyesha rafu kwa kidevu, akasema inamwuma, lakini nchi ina serikali moja, na waziri ndiye atakayelaumiwa baraza likiharibika, sasa iweje alaumiwe kwa mtu asiyemchagua? Tena ukiwapa hawa kifungu kimoja leo, kesho watataka kumi. Niliona ana hoja.

Kola naye, pini zikiwa mgongoni, aliniuliza kama nakumbuka mwenyekiti wa zamani. Nilimkumbuka. Alikuwa shemeji wa waziri wa wakati huo, na alitoa leseni kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo. Mmoja wao alimchoma mtoto sindano isiyo yake, mtoto akafa. "Mama Fundi," akasema Kola, "ungependa nipitishe haraka haraka, halafu turudi kulekule?" Naye niliona ana hoja, tena nzito. Mimi mwenyewe ni mtu wa polepole. Nguo iliyoharakishwa naijua kwa kuiangalia tu mgongoni. Kwa hiyo nilikaa miezi mingi nikiamini kwamba wale wawili wanapima, na siku wakimaliza kupima watakata.

Jumanne moja asubuhi nikavuruga daftari. Kwenye daftari langu siandiki majina, nachora. Siku hiyo nilichora bega saa nne, na ukurasa uliofuata nikachora kola saa nne vilevile, na kurasa zilikuwa zimeshikana. Naapa sikupanga, ingawa wote wawili mpaka leo wananishuku.

Bega alifika kwanza. Nilimsimamisha kwenye kijukwaa mbele ya kioo, nikamvika koti lisilo na mikono bado, nikaanza kuibana mikono kwa pini. Kola akaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, akapita nyuma ya pazia, akavaa gauni lake akaniita. Mimi nimezoea kuhudumia wawili kwa zamu, huyu nabana bega, yule nabana kiuno. Nilikuwa nimeshamtia Kola pini kutoka kwapani hadi gotini ndipo Bega akakohoa, na pazia likaacha kutikisika.

Mtu ambaye hajawahi kubanwa pini hajui. Hukai, hunyanyui mkono, hupigi hatua. Ukijifanya mkaidi unachomwa pale ambapo hutaki kueleza.

Ndipo mjukuu wangu akaingia, na nguo zake za kazi, bahasha mkononi. Hakumtazama aliyekuwa kwenye kijukwaa, alinitazama mimi. Akasema wakala amejibu. Amepata nafasi nchi ya mbali, kutunza wazee kwenye nyumba za wazee, kuwaogesha na kuwageuza vitandani. Huko hawakuuliza namba ya baraza, waliuliza kama mgongo wake una nguvu. Ndege ni tarehe ishirini.

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kifuko cha pini ninachofunga mkononi.

Bega akaliambia pazia, bila kugeuka maana hakuweza: "Umesikia, Mheshimiwa?"

"Nimesikia," pazia likajibu. "Na wewe umesikia?"

"Leo husimami ukatoka nje?"

"Nina pini kumi na tisa. Ningekuwa nimeshafika barabarani."

Mjukuu wangu akakaa kwenye kiti cha pale penye meza ya vifungo. Wale wawili wakaanza. Mwanzoni yalikuwa yaleyale ya redioni: waziri, kura, shemeji, serikali moja. Lakini kubishana na kioo ni kazi, na kubishana na pazia ni kazi zaidi, hakuna wa kukupigia makofi. Sauti zikashuka. Kola akasema, kama mtu anayesema na sakafu, kwamba wauguzi wangeweza kupendekeza watu watatu na waziri achague mmoja kati yao. Hapo waziri kachagua na wauguzi wamechagua, na shemeji hana pa kupita.

Bega akakubali kwamba hilo lingefaa. Kisha akasema polepole, "Lakini hilo liko kwenye taarifa ya kamati tangu mwezi wa kwanza wa ugomvi huu. Ukurasa wa sita."

"Wa saba," likasema pazia.

Nilisikia cherehani ya jirani ng'ambo ya ukuta. Mjukuu wangu alikuwa amenyanyua kichwa.

"Kwa hiyo mlijua," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu aliyepewa majibu ya maabara. Bega aliniangalia mimi kwenye kioo, kama vile ni mimi niliyeuliza. Akaeleza kwamba kujua si tatizo. Tatizo ni nani alilete. Likiletwa na upande wa serikali, upande wa pili utatangaza ushindi, na yeye ndani ya chama chake ataitwa aliyenunuliwa. Pazia likamalizia: na likiletwa na upande wa pili, watasemwa wamesalimu amri, na kwenye uteuzi ujao jina la Kola halitakuwepo. Walielezana vizuri, mmoja akiacha mwenzake anapokea, kama watu walioshona nguo moja. Mimi nilikuwa nimekaa miezi yote hiyo nikidhani wanapima. Walishapima zamani. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake ashike mkasi.

Mjukuu wangu akasimama. "Waheshimiwa, mimi ni mtoto wenu, sina chama. Mkilileta kabla ya tarehe ishirini, nabaki. Barua hii nitaichana hapa hapa kwa bibi."

Bega akasema atazungumza na wakubwa wake. Kola akasema naye atazungumza na wa kwake. Niliwaamini, na naamini mpaka sasa kwamba saa ile walimaanisha. Niliwatoa pini. Kola akaondoka kwa mlango wa nyuma. Bega akakaa akisoma gazeti la mwezi uliopita, akangoja kama dakika kumi hivi ndipo akatoka mbele, watu wasije wakawaona wametoka duka moja.

Tarehe kumi na nane muswada ulikuwa kwenye ratiba. Mjukuu wangu hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti cha vifungo, bahasha kwenye mapaja, na mimi nikawasha redio nikajifanya naweka pindo. Zamu ya Bega ikafika. Nilimjua kwa kikohozi. Akamshukuru Spika, akasema ana jambo kuhusu kile kifungu, kwamba huenda, kwa kutazama taarifa ya kamati, upo uwezekano. Hapo mtu wa upande wake mwenyewe akaomba utaratibu, akauliza kama msemaji amehamia kule. Kicheko kikajaa redioni. Bega akakohoa tena, akasema alichotaka kusema ni kwamba waziri ndiye mwenye dhamana. Akakaa. Nilimngoja Kola. Kola hakusimama. Upande wake wakatoka nje wote, naye akiwa miongoni mwao, na kengele ikaanza kulia.

Mjukuu wangu alinyanyuka akazima redio. Akaniuliza kama kuna mashuka yake yoyote ya kupiga pasi kabla ya safari. Nikamwambia yapo. Tukapiga pasi pamoja, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Tarehe ishirini nilimsindikiza mpaka pale wanapozuia wasio na tiketi.

Nchi haikuanguka. Nalisema kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba ilianguka au kwamba hakuna kilichotokea. Maduka yalifunguliwa. Bega alivaa koti lake, lilimkaa vizuri. Vile vitanda sita vilibaki ukutani, na ukipita barabarani huvioni.

Muswada ulipita miezi minane baadaye, siku ambayo sikuwa hata nimewasha redio. Mteja ndiye aliyenipa habari. Wauguzi wapendekeze watatu, waziri achague mmoja, maneno ya ukurasa wa saba. Ulikuwa umeletwa na kamati nzima bila jina la mtu. Walipiga makofi pande zote, kila upande ukisema umeshinda. Namba zikatoka. Metroni akaja na barua, amezeeka kidogo usoni, nikazishusha sare, na tukaiona ile mistari ya manjano. Niliziloweka, nikazisugua kwa sabuni na ndimu, kwenye nyingi ikafifia. Nikaanza kushona utepe.

Waliokuja kuchukua walikuwa kumi na saba. Yule mama mjamzito alikuja na mtoto anayetembea, sare haikumwingia, nikamwazima ya msichana mwingine aliyeolewa mbali. Wa lori hakuja. Vitanda viwili kati ya sita vimerudishwa katikati ya wodi, nimekwenda kuviona kwa macho yangu.

Wiki hiyo Bega alileta koti, Kola akaleta gauni, siku tofauti. Kola alimwulizia mjukuu wangu. Nikamwambia anaogesha wazee wa watu, na wanampenda. Akaniambia safari hii kola nisiisimamishe sana, inambana shingo.

Sare ya mke mwenzangu nayo niliitia utepe, mabega yote mawili, kwa kuwa namba yake imetoka pamoja na za wengine. Alikuwa amenitumia picha, amesimama mlangoni na bibi wa Kizungu kwenye kiti cha magurudumu, na jicho langu lilikwenda kiunoni kabla ya usoni: amejaa. Ile sare haimtoshi tena, na ubavuni hakuna cha kuachia. Nikamwomba Metroni kipande cha kitambaa kilekile. Akanipa kilichobaki. Nilifumua mishono miwili, nikaingiza vipande viwili virefu kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Ukitazama kwa karibu unaona, weupe mpya na weupe wa zamani havifanani. Sikuvimalizia. Nilivibana kwa pini tu.

Nilimwomba kijana wa duka la simu aniandikie ujumbe. Mjukuu wangu sikumwuliza atarudi lini, swali hilo nimeona linavyomfanya anyamaze. Nilimwambia anipe vipimo vyake vya sasa: kifua, kiuno, nyonga.

Siku tisa zikapita. Ya kumi zikaja namba tatu, hakuna salamu, hakuna neno jingine. Nilizinakili kwenye daftari, kwenye ukurasa wenye alama ninayomchorea tangu ana meno mawili. Kisha nikachukua chaki, nikapiga mstari wa kushonea, na nje yake nikaacha vidole viwili.